Maumivu Mawili, Mwili Mmoja: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga, na ninaishi na magonjwa mawili ya maumivu. Wa kwanza ni baridi yabisi ya soriasisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inashambulia viungo vyangu, kano zinazoshika misuli kwenye mifupa, ngozi na kucha. Wa pili ni fibromialjia, ambapo mfumo wa fahamu unakuza maumivu hadi mguso wa kawaida unauma, na mtu hulala usiku kucha akaamka amechoka. Ugonjwa wa kwanza usipotibiwa hula viungo. Wa pili hauharibu kiungo hata kimoja, lakini unaweza kumlaza mtu kitandani vilevile.

Kuwa nayo yote mawili si jambo la ajabu. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye baridi yabisi ya soriasisi ana fibromialjia pia. Hata hivyo, watu wengi tunaokutana nao kwenye foleni za kliniki hawajawahi kutajiwa hata ugonjwa mmoja kati ya hayo mawili. Ndiyo maana naandika.

1. Maumivu haya hayafanani, hata yanapouma mahali pamoja

Hili limenisaidia kuliko yote, nitalieleza kwa kirefu.

Maumivu ya baridi yabisi ya soriasisi yana mahali pake. Ukiulizwa panauma wapi, unaonyesha kwa kidole. Kwangu ni kiungo cha mwisho cha kidole cha kati cha mkono wa kulia, kile kilicho karibu kabisa na ukucha. Ni kidole cha nne cha mguu wa kushoto. Ni nyuma ya kisigino, pale kano nene ya mguu inaposhikana na mfupa. Kidole hicho cha mguu kikianza, huvimba chote kuanzia shinani hadi nchani, wala si kwenye kiungo peke yake, na madaktari hukiita kidole cha soseji. Ngozi yake hung'aa na kiatu hakiingii. Kucha zangu kadhaa zina vishimo vidogo juu yake, na mmoja umebanduka upande mmoja kutoka kwenye nyama. Asubuhi viungo hukakamaa saa nzima au zaidi, kisha hulegea kadiri ninavyojishughulisha: nikifagia uwanja, nikiinjika chai, nikitembea hadi kituo cha daladala. Nikikaa kitako muda mrefu vinakaza upya.

Fibromialjia haina mipaka. Leo iko mabegani na shingoni, jioni imeshuka mgongoni, kesho iko mapajani na kwenye taya. Mkanda wa mkoba begani unauma. Mtoto akinikumbatia kwa furaha naumia. Lakini ukitazama huoni uvimbe, na ukigusa husikii joto. Tena, tofauti na ule mwingine, kazi haiupunguzi: nikifua mashuka leo, maumivu huja kesho na keshokutwa. Huja pamoja na kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, na uchovu usioondoka kwa kulala.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, najikagua. Nalinganisha mkono wa kulia na wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Najaribu kuzungusha pete: ikizunguka, vidole havijavimba, ikikwama, nimeshajua siku itakuwaje. Naminya kisigino kwa dole gumba. Naweka mgongo wa mkono juu ya goti moja, kisha la pili, nisikie kama moja lina joto kuliko jingine. Halafu naandika neno moja kwenye daftari dogo: "viungo" au "mwili". Siku nyingine naandika yote mawili. Daktari wangu husoma daftari hilo kabla hajaniuliza lolote, kwa sababu "naumwa kila mahali" ni jibu la kweli lakini halimwonyeshi pa kuanzia.

2. Ngozi yetu haionekani kama ile ya vitabuni

Picha nyingi za soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoambatana na baridi yabisi hii, ni za watu weupe: mabaka mekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi huonekana ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza, na yakipona huacha doa jeusi au jeupe linalodumu miezi. Ndiyo sababu wengi hupewa dawa ya fangasi, wakabadilishiwa tena na tena.

Soriasisi pia hujificha. Hukaa kichwani chini ya nywele, nyuma ya masikio, kitovuni, kati ya makalio. Kwa sisi tunaovaa ushungi, ya kichwani inaweza kukaa miaka bila mtu mwingine kuiona. Na ya kichwani na ya kati ya makalio, pamoja na ya kucha, ndiyo inayohusishwa zaidi na kuja kupata baridi yabisi. Kwa watu wengi ngozi hutangulia viungo kwa takriban miaka kumi. Mwambie daktari wa viungo habari za ngozi, na mwambie daktari wa ngozi habari za viungo, kwa sababu kila mmoja huangalia upande wake. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Waliosoma pale wanafanya kazi katika mikoa mingi na nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo hata nje ya jiji kubwa inafaa kuuliza kama mmoja wao yupo.

3. Vipimo safi havina maana kwamba huumwi

Kipimo cha damu kinachoulizwa zaidi kwenye baridi yabisi ya kawaida, kile cha kutafuta kingamwili iitwayo rematoidi fakta, kwa wenye baridi yabisi ya soriasisi kwa kawaida hutoka hakina kitu. Tena kutokuwa na kitu ni mojawapo ya alama zinazouthibitisha. Katika vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2006, mtaalamu hutazama soriasisi ya sasa, ya zamani au ya kwenye ukoo, hali ya kucha, vidole vilivyovimba vyote, picha ya eksirei, na hicho kipimo kisicho na kitu. Vipimo vya kuonyesha uvimbe mwilini navyo vinaweza kuwa vya kawaida huku kidole kimevimba mbele ya macho ya daktari.

Fibromialjia haina kipimo cha damu kabisa. Vigezo vya mwaka 1990 vilimtaka daktari aminye sehemu 18 za mwili, na 11 ziwe zinauma. Tangu mwaka 2010 daktari hutumia ramani ya mwili na maswali kuhusu usingizi, uchovu na kumbukumbu. Damu hupimwa ili kuondoa mengine yanayofanana nayo, mathalani tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri au upungufu wa damu.

Kuna kipimo kimoja kinachowatia watu woga, nacho ni cha VVU. Katika nchi zetu za kusini mwa Sahara, soriasisi na baridi yabisi yake vimehusishwa na VVU kwa kiwango kikubwa. Utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu wagonjwa wote wa baridi yabisi hiyo waliochunguzwa walikuwa na virusi hivyo. Daktari akikuomba upime, hakutuhumu. Anataka kujua ni dawa gani ni salama kwako. Nilipimwa, nikapata jibu, tukaendelea na matibabu.

4. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu wa pili

Daktari wangu ni mama wa makamo, mpole, na huniita kwa kazi yangu. Siku moja nilikuja nikiwa hoi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwalimu. Leo viungo vingapi vinauma?"

"Vyote, Daktari."

Hakubisha. Akaanza kazi yake, kiungo kwa kiungo, kuanzia taya hadi vidole vya miguu. Kwa baridi yabisi ya soriasisi wataalamu hukagua viungo 68 kutafuta maumivu na 66 kutafuta uvimbe, kwa sababu nyonga mbili ziko ndani mno na uvimbe wake hauonekani kwa kugusa. Alipomaliza alinionyesha karatasi yake. Upande wa maumivu umejaa alama. Upande wa uvimbe una alama mbili.

"Hivi viwili ni vya dawa yako ya viungo, methotreksati, Mwalimu. Hivi vingine tuvitafutie njia yake. Nikikuongezea dozi kwa ajili ya hivi vyote, ini lako litabeba mzigo, na wewe utaendelea kuumwa."

Hapo ndipo ugumu wa kuwa na magonjwa yote mawili ulipo, na unaumiza pande zote. Fibromialjia huongeza hesabu ya viungo vinavyouma, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuongezewa au kubadilishiwa dawa kali ambayo kumbe ilikuwa inafanya kazi. Kinyume chake nacho kinatokea: mgonjwa akishabandikwa jina la fibromialjia, kila anachosema kinaitwa fibromialjia, na viungo vinaharibika kimyakimya. Ndiyo maana naomba nishikwe viungo kila ninapokwenda kliniki. Daktari akiandika bila kunigusa, namwomba kwa heshima: "Daktari, naomba unitazame kwa vidole."

Kwa upande wa viungo, baadhi ya wagonjwa huhitaji dawa za sindano za kizazi kipya, kama adalimumabu. Ni ghali mno kwa wengi wetu, na kabla ya kuanza lazima mtu apimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala. Dawa hizo huzima kemikali ya TNF, ambayo ndiyo inayosaidia mwili kuizingira TB isiamke. Katika nchi zenye TB nyingi kama yetu, kipimo hicho kisirukwe.

Kwa upande wa fibromialjia, mimi hunywa amitriptilini kidogo usiku. Watu wameniuliza kama nina ugonjwa wa akili, kwa kuwa dozi kubwa ya dawa hiyohiyo hutumika kutibu sonona. Dozi ndogo hupunguza maumivu na kusaidia usingizi. Wengine hupewa duloksetini au pregabalini. Dawa kali za jamii ya mofini hazishauriwi kwa fibromialjia. Madhara yake ni mengi kuliko msaada wake.

5. Methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki

Nasema mara moja kwa wiki, siku ileile, si kila siku. Tumezoea kuandikiwa "moja kutwa mara tatu", na hapo ndipo hatari ilipo. Methotreksati ikinywewa kila siku kwa makosa inaweza kuzuia uboho kutengeneza damu, ikatoa vidonda mdomoni, na kuua. Mimi nimechagua Ijumaa, na nimeandika IJUMAA kwa kalamu nene juu ya boksi ili hata binti yangu akinipa dawa asikosee. Asidi ya foliki huinywa siku nyingine, kama nilivyoelekezwa, ili kupunguza kichefuchefu na vidonda. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda. Pombe iachwe. Na mwanamke asishike mimba akiwa anaitumia, kwa sababu huharibu mimba na kumdhuru mtoto tumboni. Kama unapanga kuzaa, mwambie daktari mapema, ziko dawa nyingine.

6. Nafuu ya haraka ichunguzwe

Kila mtaa una mtu anayeuza unga au vidonge visivyo na jina, "dawa ya viungo", na mtu akinywa kesho yake anaruka. Nafuu ya namna hiyo mara nyingi huashiria kuna steroidi ndani. Steroidi inayonywewa bila usimamizi hujaza uso, hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Kwa mwenye soriasisi kuna jingine la kutisha zaidi: akiiacha ghafla, ngozi inaweza kulipuka mwili mzima, hata kutoa usaha. Sindano za diklofenaki za kila mara nazo huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mitishamba ya bibi sina ugomvi nayo, mradi daktari ajue unachokunywa, kwa sababu ini linalobeba mzigo wa methotreksati ndilo linalochuja na hiyo.

7. Mwendo ni dawa, lakini una kipimo chake

Wataalamu wa Ulaya walipopitia tafiti za matibabu ya fibromialjia na kutoa mwongozo wao mwaka 2016, kitu pekee walichokipendekeza kwa nguvu zote kilikuwa mazoezi. Na baridi yabisi nayo hulegea kwa mwendo. Kwa hiyo hapa magonjwa yangu mawili yanakubaliana, na hayakubaliani mara nyingi.

Natembea Raskazone, pwani ya hapa Tanga, jioni, jua likishapungua, kwa viatu vyenye soli laini. Nilianza na umbali mfupi kiasi kwamba ningeweza kuurudia siku inayofuata, na nikaongeza taratibu sana. Maji ya bahari yakiwa yamejaa naingia hadi kifuani na kutembea humo, uzito wa mwili unapungua na visigino vinapumzika. Kidole kikivimba na kuwa cha moto, kinapumzishwa. Mwili mwingine unaendelea.

Siku ya kuogopwa ni ile niliyoamka vizuri. Mtu anataka kufanya yote: kufua, kusafisha stoo, kwenda sokoni, kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Mimi siku hizo nagawa kazi na kuacha nyingine makusudi, hata nikiwa na nguvu. Nyumbani nazi siikuni tena kwa mbuzi. Nainunua iliyokwisha kunwa kwa mashine, na kukamua tui nimemwachia kijana wangu, ambaye sasa ana mkono mzuri kuliko wangu. Darasani chaki naizungushia karatasi na gundi iwe nene, vidole visijikunje sana. Mkuu wa shule aliniruhusu stuli ndefu, na wanafunzi huandika ubaoni kwa zamu. Wanajifunza zaidi, naamini hivyo.

8. Kusahau nako ni sehemu ya ugonjwa

Kuna siku nasimama mbele ya darasa na jina la mwanafunzi niliyemfundisha mwaka mzima halinijii. Fibromialjia hufanya hivyo, hasa usingizi ukiwa mbovu. Naandika kila kitu. Nalala saa ileile, simu inabaki sebuleni. Hali hiyo haielekei kuwa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na kujua hilo kulinipunguzia hofu kubwa.

9. Watu wako waambiwe, tena kwa maneno machache

Hapa pwani salamu ni mkono. Bibi mtu mzima akikusalimia anaushika mkono wako na hauachii mpaka amemaliza kuuliza habari za nyumba nzima. Siku kidole kimewaka, nauweka mkono wa kulia kifuani, nainama kidogo, nasema "Shikamoo bibi, mkono leo unaniuma." Hakuna aliyewahi kukasirika.

Maneno yanayoumiza ni mengine. Nimeambiwa nimerogwa. Nimeambiwa ni uvivu, kwa sababu jana nilionekana sokoni. Kuna aliyekataa kikombe nilichonywea. Nasema waziwazi: soriasisi haiambukizi, si kwa kugusana, si kwa kula pamoja, si kwa kitanda. Mwanafunzi mmoja aliponiuliza kama ugonjwa usioonekana ni ugonjwa kweli, nilimtajia mwanamuziki Lady Gaga, aliyetangaza mwaka 2017 kwamba ana fibromialjia na mwanzoni mwa 2018 akafuta maonyesho yake ya Ulaya yaliyobaki kwa sababu ya maumivu. Nikamtajia na Phil Mickelson, mcheza gofu wa Marekani, aliyesema mwaka 2010 kwamba ana baridi yabisi ya soriasisi, na mwaka 2021, akiwa na miaka 50, akashinda mashindano makubwa ya PGA. Wote wawili wana fedha na madaktari tusio nao. Lakini kijana alielewa.

Mama yangu yeye hakuhitaji mifano. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nikuone vipi nijue leo ni siku mbaya?" Nikamwonyesha pete. Sasa kabla hajaniomba chochote huitazama. Na siku ambazo moyo wenyewe umeinama, kwa sababu sonona huandamana na magonjwa haya mara nyingi, yeye ndiye anayenisindikiza kwenda kumwambia daktari.

10. Usisubiri

Utafiti uliofanywa Ayalandi na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya soriasisi waliochelewa zaidi ya miezi sita tangu dalili zianze hadi kuonwa na mtaalamu walikuwa na viungo vilivyoharibika zaidi na uwezo mdogo wa kufanya shughuli zao. Kwetu miezi sita hupita mtu akiwa bado anabadilisha dawa za kupaka.

Kama una soriasisi, au mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, na kidole kimevimba chote, au kisigino kinauma kila asubuhi wala hukujigonga, nenda ukaonwe wiki hii. Piga picha kidole kikiwa kimevimba, kwa sababu siku ya kliniki kinaweza kuwa kimetulia. Vua soksi, onyesha kucha, onyesha kichwa. Na kama umeambiwa vipimo vyako ni safi, na bado mwili mzima unauma kwa zaidi ya miezi mitatu na usingizi haukupumzishi, rudi ukamuulize daktari kwa jina: je, hii inaweza kuwa fibromialjia? Kama una yote mawili, mwombe akutibu yote mawili.